Kisa Kilichobaki Mlangoni: Michezo Mipya ya Nyimbo ya Uingereza na Jukwaa la Unguja

Mhadhara kwa wasikilizaji wa Matemwe

Mwezi wa Mei 2002, juu ya mlango wa ukumbi wa Dominion katikati ya London, ilisimama sanamu kubwa ya mwanamume aliyenyanyua mkono juu. Mtu huyo alizaliwa Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na wazee wake, Bomi na Jer Bulsara, wakamwita Farrokh. Walikuwa Waparsi, baba alikuwa mshika fedha serikalini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Feltham, pembezoni mwa London, na dunia ikaja kumjua kijana wao kwa jina la Freddie Mercury. Mchezo wa nyimbo uliooneshwa chini ya sanamu hiyo, We Will Rock You, uliandikwa na Ben Elton kwa kuziunga pamoja nyimbo za kundi la Queen. Wahakiki wa magazeti waliuponda tangu mwanzo. Watazamaji hawakujali. Mchezo ukakaa katika ukumbi huo wenye viti zaidi ya 2,000 kwa miaka 12, hadi tarehe 31 Mei 2014.

Mtu wa Unguja angetarajia kukuta ndani ya hadithi ile walau kichochoro kimoja cha Shangani. Hadithi ilihusu dunia ya miaka mia tatu ijayo, ambamo kampuni moja imetawala kila kitu na ala za muziki zimepigwa marufuku. Mzaliwa wa Unguja alisimama juu ya mlango, akaonwa na kila aliyepita Tottenham Court Road, lakini kisa cha Unguja hakikuingia ndani.

Jambo hilo linastahili kufikiriwa na watu wa kijiji hiki kwa sababu moja. Michezo mipya ya nyimbo iliyopendwa zaidi Uingereza katika miaka ya karibuni imezaliwa kwa njia iliyo kinyume kabisa na ile ya Dominion. Mingi imeanzia vyumba vidogo, kwa watu wachache wasio na jina, na mingi imeshika mahali pake kwa nguvu, iwe mtaa, kijiji au ofisi moja ya serikali. Kwa njia hiyo kisa cha pwani hii nacho kingeweza kuingia ndani.

Katika kuingiza kisa chake ndani, Nairobi ilitangulia Unguja. Gurinder Chadha, aliyezaliwa huko mwaka 1960 na kukulia Southall, magharibi mwa London, alitengeneza filamu ya Bend It Like Beckham mwaka 2002, kuhusu msichana wa Kisikh anayetaka kucheza mpira wa miguu dhidi ya matakwa ya wazazi wake. Mwezi wa Juni 2015 filamu hiyo ilifunguliwa kama mchezo wa nyimbo katika ukumbi wa Phoenix, kwa muziki wa Howard Goodall na maneno ya Charles Hart. Katika kuupanga muziki alikuwamo mpiga tabla Kuljit Bhamra, naye mzaliwa wa Kenya. Moyo wa hadithi, kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, si mpira. Ni baba wa msichana. Katika filamu, mzee huyo alikuwa mrushaji hodari wa kriketi Nairobi. Alipofika Uingereza vilabu vikamkataa na kumcheka kwa kilemba chake, akaiacha kriketi kabisa, na sasa hataki bintiye apate fedheha kama ile. Jeraha hilo halieleweki bila kujua kwamba mtu huyu aliwahi kuheshimiwa mahali pengine. Mchezo ulifungwa Machi 2016, chini ya mwaka mmoja. Haukukaa kama ule wa Dominion, lakini ulibeba kitu ambacho ule haukubeba.

Baada ya hapo ndipo yalipokuja mavuno mazuri.

Mhadhara huu unaupa nafasi ya kwanza The Curious Case of Benjamin Button, na wasikilizaji wa Matemwe watajua haraka kwa nini. Mwaka 1922 Mmarekani F. Scott Fitzgerald alichapisha hadithi fupi ya mtu anayezaliwa mzee na kuzidi kuwa kijana mpaka anamalizikia utoto. Hadithi yake ilikuwa ya Baltimore, mji wa matajiri na biashara. Jethro Compton na Darren Clark waliing'oa huko wakaipanda Cornwall, ncha ya kusini magharibi ya Uingereza, katika kijiji cha wavuvi. Mwaka ni 1918. Anazaliwa mtoto mwenye umri wa karibu miaka 70. Baba yake anamficha kwa aibu, majirani wananong'ona, na kijana-mzee anampenda Elowen, msichana anayehudumu katika baa ya kijiji. Kuanzia hapo kila mwaka unaopita unamzeesha Elowen na kumrudisha Benjamin nyuma, na wote wawili wanajua kwamba watakutana katikati kwa muda mfupi tu.

Jukwaani hakuna okestra iliyofichwa shimoni. Waigizaji wenyewe ndio wanamuziki: anayemaliza kusema maneno yake anachukua fidla, anayekufa katika onyesho hili anarudi na kodiani katika onyesho lijalo. Nyimbo zimetoka katika muziki wa asili wa watu wa pwani ile. Hadithi inahesabu muda kwa miaka, siku na hata dakika, na bahari haiondoki masikioni. Mchezo ulianza mwaka 2019 katika ukumbi mdogo wa Southwark Playhouse, kusini mwa mto Thames, ukiwa na kundi dogo sana la waigizaji. Ukarudi Southwark Playhouse mwaka 2023 ukiwa umeandikwa upya na kupanuliwa. Mwaka 2024 ukahamia Ambassadors, katika mitaa ya kumbi kubwa, na mwezi wa Aprili 2025 ukachukua tatu kati ya Tuzo za Olivier, tuzo kuu za jukwaa la London, ikiwemo ya mchezo mpya bora wa nyimbo. John Dagleish, aliyeigiza Benjamin, alitunukiwa kuwa mwigizaji bora wa kiume katika michezo ya nyimbo.

Watunzi wale walijua kwamba mtazamaji wa London, asiyewahi kuvuta wavu, angemwamini zaidi mvuvi wa kijiji kimoja chenye upepo wake na lafudhi yake kuliko mtu wa mahali popote. Kijiji kikawa ndicho kinachomfanya mtu alie. Wakaazi wa Matemwe wanaohesabu mwezi kwa bamvua na maji mafu, wanaojua siku ya kwenda mwani na siku ya kupumzisha miguu, wanaishi ndani ya saa ambayo watunzi wale walilazimika kuibuni jukwaani.

Na kuhusu waigizaji kupiga ala wenyewe, Unguja haina la kujifunza. Kidumbak, ndugu wa shamba wa taarab, hupigwa na watu wachache: ngoma mbili ndogo, sanduku la kamba moja linalotoa besi, fidla, mkwasa na cherewa. Mwimbaji na mpigaji wanakaa pamoja, wachezaji wanaingia na kutoka, na wimbo unaweza kuendelea muda mrefu ukibadilika kufuata waliohudhuria. Pemba kuna kibati, ambamo waimbaji hujibizana papo kwa papo juu ya ngoma za kasi, na watu hucheka mpaka machozi. Beni za harusi nazo ziligeuza gwaride la wakoloni kuwa mchezo wa mtaani. Ukimweka mtu wa Cornwall mbele ya kidumbak, hatahitaji kuelezwa kinachoendelea.

Mchezo wa pili ni Standing at the Sky's Edge. Huu ni wa Sheffield, mji wa chuma wa kaskazini mwa Uingereza, na unahusu jengo moja: Park Hill, maghorofa marefu ya saruji yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1961 kwa ajili ya wafanyakazi. Chris Bush aliandika hadithi, na nyimbo ni za Richard Hawley, mwanamuziki wa mji huo huo. Ukaoneshwa kwanza mwaka 2019 katika ukumbi wa Crucible, palepale Sheffield, mwendo mfupi kutoka kwenye jengo lenyewe. Mwaka 2023 ulikwenda ukumbi wa taifa London na kutangazwa mchezo mpya bora wa nyimbo katika Tuzo za Olivier. Mwaka 2024 ukahamia ukumbi wa Gillian Lynne.

Ujanja wake ni mmoja, na ni mzuri mno. Kuna jiko moja na meza moja, na ndani yake familia tatu zinaishi kwa wakati mmoja bila kuonana. Mwaka 1960 wanahamia mfanyakazi wa chuma na mkewe, wana furaha, nyumba inanukia rangi mpya. Mwaka 1989 wanaingia wakimbizi kutoka Liberia, viwanda vimefungwa na ngazi zinatisha. Mwaka 2015 anafika mwanamke wa London mwenye fedha zake, kwa sababu jengo limekarabatiwa na kuuzwa ghali. Mmoja anafungua kabati, mwingine anapita nyuma yake miaka hamsini baadaye. Siasa nzima ya Uingereza, kuanzia chama cha wafanyakazi hadi bei za nyumba, inapita mezani pale bila mtu kuhutubia.

Nani wa Unguja anaweza kusikia hayo asikumbuke Michenzani? Majumba yale marefu yalichorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakati wa Mzee Karume, yakainuka Ng'ambo katika miaka ya 1970 juu ya mitaa iliyobomolewa, yakiwapa watu umeme, maji ya bomba na choo cha ndani. Chumba kimoja cha Michenzani kimeona mengi: waliohamishwa kutoka nyumba ya udongo, waliopanga foleni za unga na sukari, waliopokea jamaa kutoka Pemba na Bara, wajukuu wanaofanya kazi hotelini Nungwi na kurudi mara moja kwa mwezi. Hadithi ya familia tatu iko pale, imejengwa kwa saruji, inangoja mtunzi. Mtunzi huyo hana haja ya kuiga Sheffield. Anahitaji kukaa na wazee wa jengo namba moja na kusikiliza.

Six utatajwa kwa ufupi zaidi, ingawa umefika mbali kuliko yote. Toby Marlow na Lucy Moss waliutunga wakiwa wanafunzi wa Cambridge, na kikundi cha wanafunzi kikauonesha Edinburgh katika tamasha la Agosti 2017. Wake sita wa mfalme Henry VIII wanapanda jukwaani na kushindana kwa nyimbo: nani aliteswa zaidi na mume yule? Unachukua kama dakika 80, hauna mapumziko. Ulipofika New York, usiku wake wa ufunguzi, tarehe 12 Machi 2020, ndio usiku kumbi zote zilipofungwa kwa sababu ya korona. Ukafunguliwa rasmi Oktoba 2021, na mwaka 2022 watunzi wakapata Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya jukwaa la New York, kwa nyimbo zao.

Wanawake kupigana kwa nyimbo si habari mpya hapa. Katika zama za Mwingereza, Unguja ilikuwa na vikundi vya taarab vya wanawake vilivyojiita Royal Air Force na Royal Navy, na ushindani wao ulikuwa wa sare, mashairi na vijembe. Katika miaka ya 1990 ushindani huo ulihamia Dar es Salaam kwa sauti kubwa zaidi: Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba ikiwa na Khadija Kopa, mzaliwa wa Unguja aliyepitia Culture Musical Club, na upande wa pili Muungano Cultural Troupe ikiwa na Nasma Khamis. Mipasho ilijibiwa kwa mipasho. Watu waliojazana kwenye kumbi za wazi hawakwenda kusikiliza taarab peke yake. Jioni moja iliwapa ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza, kisha taarab ya kufungia, na ilidumu saa nyingi. Huo ulikuwa mchezo wa nyimbo wa Tanzania, wenye watazamaji wa kulipa kiingilio, na haukulelewa ipasavyo kukua kutoka vipande vilivyopangwa kwa zamu hadi hadithi moja yenye mwanzo na mwisho. Hilo ni jambo la kusikitisha. Six unaonesha hatua iliyokosekana: malkia wale wanaanza kwa kushindana, halafu wanatambua kwamba ushindani wenyewe unamweka mume katikati, wanauacha, na kila mmoja anaimba maisha ambayo angependa kuishi. Kijembe kimegeuka kuwa hadithi.

Operation Mincemeat ndio unaofundisha zaidi namna ya kufanya kazi. Unahusu hila ya kweli ya vita: mwaka 1943 majasusi wa Uingereza waliuchukua mwili wa maiti, wakauvika sare ya ofisa, wakautia nyaraka za uongo na kuutupa karibu na pwani ya Hispania ili Wajerumani waamini kwamba shambulio litakuwa Ugiriki, si Sicily. Marafiki wanne wa kundi la SpitLip, David Cumming, Felix Hagan, Natasha Hodgson na Zoë Roberts, waliutunga pamoja. Mei 2019 waliuonesha New Diorama, ukumbi wenye viti 80. Wakaukata, wakauandika upya, wakaenda Southwark Playhouse, wakauandika tena, wakaenda Riverside Studios. Mwaka 2023 wakaingia Fortune, ukumbi wa kawaida wa mjini kati. Mwaka 2024 ukawa mchezo mpya bora wa nyimbo katika Tuzo za Olivier. Mwaka 2025 ukavuka kwenda New York, ambako Jak Malone alipata Tuzo ya Tony. Miaka yote hiyo waigizaji walikuwa watano tu, wanaume wakiigiza wanawake na wanawake wakiigiza wanaume, nguo zikibadilishwa kwa sekunde chache.

Ndani yake kuna wimbo wa Hester, karani wa makamo aliyepewa kazi ya kuandika barua ya mapenzi kwa maiti ili itiwe mfukoni. Ukumbi mzima unaocheka hunyamaza. Wimbo huo uliwagusa wapenzi wa mchezo mpaka wakaanza kupekua kumbukumbu za kale kumtafuta mwanamke wa kweli aliyeitwa Hester Leggatt, ambaye vitabu vilikuwa vimemtaja kwa mstari mmoja au miwili na hata kulikosea jina lake. Wakamtambua, na bamba la kumkumbuka likawekwa kwenye ukumbi wa Fortune. Mwisho wa mchezo, mtu aliyeachwa bila jina kwa miongo mingi, Glyndwr Michael, maskini wa Wales ambaye mwili wake ndio uliotumika, anatajwa kwa jina lake kamili na kupewa heshima.

Unguja inao watu kama hao. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 na kurekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba kesi za mahakama zikiwa bado moto. Wimbo wake wa Kijiti unamhusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alikimbia, na lawama za korti zikawaangukia wanawake waliokuwa naye. Siti alisema kwa wimbo yale ambayo mwanamke wa kawaida hakuweza kuyasema mbele ya hakimu. Wimbo ule una wahusika, una uhalifu, una korti, una hasira, na umesikika karibu karne nzima. Jukwaa la London lingetoa fedha nyingi kupata kiini kama hicho.

Isije ikaeleweka kwamba Afrika Mashariki imekaa bure. Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijenga jukwaa lao la wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliojaa nyimbo na ngoma. Mazoezi yalifanywa hadharani na wakulima waliwasahihisha watunzi lugha na nyimbo. Serikali ilifuta kibali baada ya wiki chache na kumtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mei 2022 mchezo huo ulirudi, safari hii katika ukumbi wa taifa wa Kenya. Naye Eric Wainaina, mwanamuziki wa Nairobi, amekuwa akitunga michezo ya nyimbo kwa miaka mingi. Tinga Tinga Tales aliutengeneza pamoja na Mwingereza Claudia Lloyd kutokana na katuni za televisheni, ambazo nazo zilichorwa kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Mwaka 2018 ulioneshwa New York. Rangi zilitoka Tanzania, muziki ukatoka Kenya.

Kinachotofautisha London na hapa si kipaji. Ni kumbi ndogo zinazokubali kazi isiyokamilika, tena na tena, na watu wanaolipa kiingilio kidogo kuiona ikiwa bado mbichi. Tiketi za mitaa ya kumbi kubwa ni ghali kupita kiasi, na Waingereza wenyewe wanalalamika. Lakini michezo yote minne ilipikwa mbali na mitaa hiyo. Unguja ina Ngome Kongwe, ambako tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, limefanyika mara nyingi. Ina chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanza 2002 na kinachofundisha taarab, udi na kanuni. Hatua ya juu ipo. Hatua ya chini, ile ya viti 80, haina budi kuanzishwa vijijini.

Matemwe inaweza kuanza na dakika ishirini. Watu watano, kidumbak, kiwanja cha skuli jioni. Kisa kinaweza kuwa cha wanawake wa mwani, zao lililobadilisha nani anashika fedha ndani ya nyumba za pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Au cha Mnemba, kisiwa kinachoonekana na kila mtoto wa hapa na kukodiwa na hoteli moja. Kioneshwe Kigomani, watu waseme palipopwaya. Kirekebishwe, kipelekwe Mbuyutende, kirekebishwe tena, kipande gari la 118 kwenda mjini. Mazoezi yawekwe siku za maji mafu, kina mama wakiwa hawaendi mwani, na fidla iazimwe kwa kikundi chochote cha kidumbak ambacho hakina harusi wiki hiyo.